Pelindaba tunaijua, Roodeplaat je?

Ukitoka Pretoria kwenda bwawa la Hartbeespoort unapita karibu na Pelindaba, kituo cha nyuklia cha Afrika Kusini. Ndugu wakija kunitembelea wanakuwa wameshasikia habari zake: makaburu waliunda mabomu sita ya nyuklia, wakayafumua wenyewe, na F. W. de Klerk akalitangazia bunge Machi 1993. Hakuna taifa jingine lililotengeneza silaha hizo kwa mikono yake likaziteketeza zote. Sifa hiyo siipingi, na nafurahi kwamba Burundi ndiyo iliyokamilisha idadi ya nchi 28 hadi mkataba wa Pelindaba, unaopiga marufuku silaha za nyuklia barani Afrika, ukaanza kazi mwaka 2009.

Ila upande wa sumu hauzungumzwi, na hilo linaniuma. Kaskazini mwa Pretoria palikuwa na maabara ya Roodeplaat. Kwa nje ilikuwa kampuni ya watu binafsi, kumbe ni ya jeshi, chini ya mradi wa siri wa Project Coast ulioongozwa na daktari Wouter Basson. Mwaka 1998 wanasayansi wake walisimama mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza maovu ya enzi ya makaburu, wakaeleza: sigara zilizotiwa kimeta, sukari yenye bakteria wa salmonela, utafiti wa kuwafanya wanawake weusi wasizae.

Mchungaji Frank Chikane, kiongozi wa makanisa aliyepinga ubaguzi wa rangi, nguo zake zilipakwa sumu mwaka 1989. Akiwa Marekani alilazwa, akapata nafuu, akaruhusiwa. Akivaa tena nguo za kwenye sanduku lake, anaanguka upya. Madaktari wa Wisconsin ndio waliogundua. Adriaan Vlok, aliyekuwa waziri wa polisi, alikiri mahakamani kosa la kujaribu kumuua Chikane mwaka 2007 na hakukaa jela hata siku moja. Basson mahakama ilimwachia huru mwaka 2002.

Mimi ni mtoto wa Morogoro. Wakimbizi wa ANC walijenga shule yao pale Mazimbu, wazee wetu wakaishi nao kama ndugu. Sumu ile ilitengenezwa kwa ajili ya watu kama wao, ndiyo maana siwezi kuichukulia kama historia ya wenyewe huku.

Kumbukumbu za vikao vile vya Tume ziko wazi mtandaoni. Anayetaka kuelewa aanze na ushahidi wa Schalk van Rensburg, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Roodeplaat.