Dragon's Dogma 2: nilivyoacha kukimbia ndo nikaanza kuipenda

Nimeimaliza Dragon's Dogma 2 mara mbili na sasa hivi niko kwenye ya tatu. Naandika hapa kwa ajili ya yule aliyeicheza masaa matano sita akakasirika akataka kuifuta, kwa sababu mimi niliifuta kweli na nikakaa miezi bila kuigusa. Sijaja kubishana na walioichukia, mengi wanayosema yapo. Nataka tu nieleze nilibadilisha nini kwenye uchezaji wangu mpaka ikawa gemu ninayoiwaza hata nikiwa sichezi.

Kwa asiyeijua, ni gemu ya Capcom, ilitoka tarehe 22 Machi 2024 kwa PS5, Xbox Series na PC, mwendelezo wa ile ya mwaka 2012, na aliyeongoza utengenezaji ni yule yule Hideaki Itsuno. Wewe ni Arisen, mtu ambaye joka lilimnyofoa moyo likaondoka nao, na unatembea na wenzako watatu wanaoitwa mapawni, mmoja unamuumba mwenyewe sura na tabia, wawili unawaazima kutoka kwa wachezaji wengine duniani. Siku ilipotoka wachambuzi walikuwa wameshaipa alama za juu, lakini kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za PC, wachezaji wakaijaza maoni mabaya siku hiyo hiyo. Watu walichukia kwamba kuna vitu vinauzwa kwa hela halisi, kwamba fremu zinashuka, yaani picha inakwamakwama, ukiwa mjini kwenye watu wengi, kwamba kuna sevu moja tu na mwanzoni kwenye PC hukuwa hata na kitufe cha kuanza upya (kitufe kilikuja na apdeti siku chache baadae). Na zaidi ya yote, kwamba inakutembeza kwa miguu mno.

Hapo kwenye kutembea ndo mimi nilipokwama.

Nilivyoanza nilicheza kama ninavyocheza gemu zote za dunia huria: nafungua ramani, naangalia alama ya misheni iko wapi, nanyoosha mstari nakimbia. Sasa kwenye hii gemu ukifanya hivyo unakufa. Nakumbuka safari moja, nimetoka Vernworth ambao ndo mji mkuu wa ufalme wa Vermund narudi kule Melve, kijiji cha mwanzo mwanzo, nimetoka jioni kwa sababu niliona ni karibu, mzigo umenijaa maana nilikuwa naokota kila kitu kila jani kila jiwe, kwahiyo pumzi inakata haraka, goblini wakanivamia mara tatu njiani, damu, yaani uhai wa mhusika, nikitumia dawa inarudi lakini hairudi yote, ile sehemu ya mwisho inakuwa ya kijivu na haijai mpaka ulale, alafu giza likaingia. Na giza la hii gemu ni giza kweli, huoni hatua tano mbele. Taa ikaisha mafuta. Mifupa ikaanza kuamka kwenye udongo, pawni wangu mmoja kashaanguka, mimi nakimbia sijui naelekea wapi, nikadondoka kwenye mwamba nikafa. Nikalodi, nikajikuta mbali sana nyuma. Nikazima, nikafuta gemu.

Kilichonirudisha ni mahojiano ya Itsuno niliyokuja kuyasoma baadae, ambapo alisema kwa maana hii kwamba kusafiri hakuchoshi, kukichosha basi ujue gemu yenyewe ndo inachosha, na kazi yao ni kuweka vitu njiani. Mwanzoni niliona ni maneno ya mtu anayetetea kazi yake. Lakini likanikaa kichwani, nikajiuliza mbona ile safari yangu ya Melve naikumbuka kona kwa kona mpaka leo, wakati kuna gemu nimezicheza masaa mia na sikumbuki barabara hata moja? Nikaidaunilodi tena, nikaanza na mtu mpya, na nikajiwekea mwiko mmoja kwamba sitokimbilia alama ya misheni, nitapanga safari.

Kupanga safari maana yake nini. Kwanza natoka alfajiri. Yaani hata kama kila kitu kiko tayari saa nane mchana ya kwenye gemu, nalala gesti mpaka asubuhi ndo natoka, maana saa za mwanga ni mali. Pili mzigo. Nikifika mji wowote naenda kwanza kuweka vitu kwenye stoo, nabaki na dawa chache, chupa mbili za mafuta ya taa na furushi la kambi, na furushi namvisha pawni mwenye nguvu kwa sababu mafurushi yanatofautiana uzito na lile la kwanza ni zito. Ukiwa mwepesi pumzi inarudi haraka, unakimbia mbali, vita vyote vinabadilika, niamini kwenye hili kabla ya jambo lingine lolote. Tatu, ile sehemu ya kijivu ya damu ikifika karibu nusu nageuza au natafuta sehemu ya kambi, haijalishi alama ya misheni iko karibu kiasi gani. Hii ya tatu ilinichukua mda kuizoea. Ukishaizoea unaanza kuangalia jua, unaangalia damu, unaangalia umbali, alafu unaamua, na huo uamuzi ndo raha yenyewe.

Kambi nazo nilikuwa nazipuuza. Unakaa, unachoma nyama (ile video ya nyama imepigwa na kamera kweli, nyama halisi inayochuruzika mafuta, sijawahi kuiruka), wote mnapata nguvu ya ziada, damu inajaa, asubuhi mnaondoka. Ila angalia eneo kwanza, ua waliopo karibu ndo ulale, la sivyo mnavamiwa usiku na furushi linaweza kuharibika.

Jambo lingine lililonigeuza ni mapawni. Mara ya kwanza niliwachukua kama askari tu, nikaona kelele zao zinaniudhi. Kumbe ukiwachagua vizuri ndo wanaoifungua dunia. Pawni wangu mkuu nilimfanya mchawi wa tiba mwenye tabia ya upole, huyo akiona umejeruhiwa anakuja kwanza kwako kabla ya kupigana, wakati mwenye tabia ya ukali anakimbilia adui hata kama wewe uko chini unakufa. Alafu kuna ujuzi wa ziada wa pawni: mwingine anatafsiri lugha ya waelfu (elves, watu wa msituni wenye lugha yao), na bila yeye ukifika kijijini kwao huelewi neno, mwingine anapanga na kugawa mizigo mwenyewe, mwingine anakuonyesha mimea unayoitafuta kwenye ramani, na kama kelele zinakushinda kuna ujuzi unaomfanya pawni anyamaze kabisa. Mapawni wa kuazima hawapandi leveli wakiwa na wewe, kwahiyo wabadilishe kila baada ya leveli kadhaa, na ukichukua wa leveli yako au chini hawakugharimu chochote. Na kubwa kuliko yote, kama pawni wa mtu ameshafanya ile misheni kwenye dunia ya bwana wake, anakwambia njia naijua, nifuate, na anakupeleka kweli. Nilivyogundua hilo nikaacha kufungua ramani kila dakika. Nikawa namfuata mtu.

Safari iliyonifunga moja kwa moja ilikuwa ya gari la ng'ombe. Gari la ng'ombe linatoka Vernworth kwenda Melve na pia kwenda kule mpakani Checkpoint, unalipa kidogo unapanda, ukisinzia unaamkia ulikofika kama hamjavamiwa. Sisi tulivamiwa. Grifini alishuka kutoka juu akalivunja lile gari vipande vipande na ng'ombe akafa. Zamani ningelodi hapo hapo. Safari hii nikasema twende nayo, nikamdandia mguuni, akapaa. Pumzi inaisha polepole, chini naona barabara inakuwa uzi, mapawni wanapiga kelele mbali, nikashikilia mpaka alipotua kwenye miamba sehemu ambayo sijawahi kuiona, peke yangu. Mapawni walifika baadae, mchawi akamuwasha moto kwenye mabawa akashindwa kuruka, tukammaliza. Kurudi barabarani kulituchukua siku mbili za kwenye gemu, na katikati tukakuta pango, masanduku, na mtu mwenye shida ambaye sikuwahi kumwona kwenye mwongozo wowote. Hakuna aliyeniandikia hiyo misheni. Ilitokea tu kwa sababu nilipanda gari siku ile saa ile.

Ukishacheza hivyo, Ferrystone inabadilika maana. Hili ni jiwe la kukuhamisha papo hapo, linauzwa dhahabu 10,000 kwenye gemu, na watu wengi wanasema ndo lilikuwa linauzwa kwa hela halisi ili uache kutembea. Hapana, hili huwa nalisahihisha kila nikilisikia: kwa hela halisi waliuza Portcrystal, ile nguzo unayoisimika mahali ili uweze kurudi hapo, pamoja na vitu vingine ambavyo vyote unavipata ndani ya gemu. Sikununua hata kimoja na sijaona nilipokosa kitu. Lakini ningefurahi visingekuwepo kabisa, kwa sababu viliwafanya watu waamini safari imerefushwa ili walipe, na mtu akishaamini hivyo kila hatua anayotembea inamuuma. Mimi Ferrystone naitunza kwa dharura, kwa mfano misheni zenye mda. Kuna kijana anaitwa Rodge anaburutwa na mbwa mwitu, ukichelewa kumfuata unamkuta ameshakufa na gemu haikuombi radhi. Hapo tumia jiwe, usifikirie mara mbili.

Sasa Dragonsplague, maana najua ndo iliyofukuza wengi. Ni ugonjwa wa mapawni. Anaanza kushika kichwa, anakujibu vibaya, haji ukimwita, macho yanakuwa mekundu. Ukimpuuza mpaka ukomae alafu ukalala gesti, usiku anageuka na anaua watu wa mahali hapo, na kwa kuwa kulala gesti kunasevu, huna pa kurudi. Mimi ilinipata kijijini. Niliamka kimya kimetawala, nikatoka nje hakuna mtu, muuza silaha hayupo, aliyenipa misheni hayupo. Iliniuma kweli kweli, nilikaa nimeshika pedi nisijue nifanye nini. Nikaenda kwenye chumba cha maiti nikatumia Wakestone, lile jiwe la kufufua, kwa mtu mmoja niliyemhitaji, wengine nikaacha. Tangu siku hiyo kabla ya kulala gesti nawageuza mapawni wote watatu niwaangalie macho usoni, inachukua sekunde kumi. Mwenye dalili namrudisha alikotoka, na kama ni pawni wangu mkuu namtupa kwenye maji ya kina, yale yenye Brine, kiumbe kinachommeza yeyote anayezama, yanamchukua, namwita tena kwenye jiwe la ufa, lile la kuitia mapawni, akiwa mzima. Apdeti zilizofuata ziliufanya ugonjwa uwe nadra na dalili zionekane zaidi, kwahiyo anayeanza leo ana nafuu kuliko sisi wa mwanzo.

Kuna mambo ambayo hakuna mbinu itakayoyaficha. Aina za maadui ni chache, goblini na harpi utawaona mpaka uwachoke, na hadithi ya falme inaanza vizuri alafu katikati inakatika kama kuna kurasa zimetolewa. Sitakudanganya kwamba nilijifunza kuvipenda hivyo. Nilichofanya ni kubadilisha kazi ya mhusika kila nikihisi kuchoka, zipo 10 na kubadilisha ni rahisi, na goblini yule yule ukimpiga kama mwizi mwenye visu viwili na ukimpiga kama mchawi anayeshusha vimondo ni gemu mbili tofauti. Mimi nilituama kwenye Mystic Spearhand, mkuki na uchawi pamoja, yule anayemgandisha adui alafu anaruka papo hapo mpaka alipo.

Mara hii ya tatu naenda polepole kuliko zote. Jana usiku nimelala kwenye nyumba yangu Vernworth, pawni wangu akarudi kutoka dunia ya mchezaji mwingine na zawadi mkononi, na tulivyotoka getini akasema kuna njia ya kwenda Battahl, nchi ya ng'ambo ya mpaka, ambayo bwana wake wa juzi alimpitisha, sio ya barabara kuu. Kibali cha kuvuka mpaka ninacho, ningeweza kupanda gari la ng'ombe mpaka Checkpoint kama kawaida. Nimejaza mafuta ya taa, furushi jipya la kambi kalibeba yeye, jua ndo linachomoza, na nimemwambia atangulie.