Karabai ya bibi na kamashine kangu kapya

Jamani niko kimya wiki mbili hizi sababu nimeshikwa na ugonjwa wa kung'arisha vitu. Nilichukua kamashine ka mkononi ka kusugulia na kung'arishia pale Mwanjelwa, haya tunayoyaita Dremel hata kama si Dremel yenyewe, kametumika ila kanazunguka vizuri, na kakaja na kiboksi cha vichwa vingi mpaka vingine sijui ni vya nini. Kazi ya kwanza nikajipa karabai ya bibi, ilikuwa imelala stoo kule Tukuyu miaka na miaka, na mvua za Tukuyu unazijua, kila kiungo kimeota ukijani.

Sa mi na pupa zangu nikafunga brashi ya waya, spidi mpaka mwisho, moja kwa moja kwenye tangi. Likawaka kweli! Nikanogewa, kuja kushtuka kuna doa la njano saizi ya sarafu ya mia katikati ya weupe. Kumbe tangi lenyewe ni shaba ya njano, ule weupe ni nikeli imechovywa juu tu, kangozi kembamba, na nimeshakachuna. Hairudi hiyo.

Tangi nikaliacha kwa aibu, nikahamia kwenye kifuniko cha kujazia mafuta, chenyewe nikeli ilishaisha zamani kwa vidole vya watu. Hapo nikatulia. Msasa wa maji kwa mkono kwanza, namba 400, halafu 800, halafu 1200, na kila ukibadili namba unabadili na upande wa kusugua, yani kama 400 ulisugua kwa urefu basi 800 sugua kwa upana mpaka michirizi ya mwanzo isionekane kabisa, ukiruka hapa utang'arisha mikwaruzo tu. Ndo unakuja na kile kichwa cha felti, yani kitambaa kizito cha sufu, unakigusisha kwenye dawa nyekundu ya kung'arishia kidogo sana. Mashine inafika mizunguko elfu 30 na zaidi kwa dakika lakini felti haitaki kuzidi elfu 15, ukizidisha inaungua na dawa yote inarukia ukutani. Usikandamize. Utaona kautelezi keusi kanatoka, wala usiogope, ndo shaba inaliwa hiyo, ukifuta na kitambaa unaona pua yako.

Ukingoni ndo pa kuangalia, gurudumu la felti liwe linazunguka kutoka nje ya ukingo, lisizunguke kuingia ndani. Mi liliingia, kifuniko kikanichomoka kikaenda kupiga bati la jirani, mama wa watu akatoka akijua ni mawe. Miwani vaa. Na kwa baridi hii ya Mbeya tunashinda na mahudi, zile kamba za shingoni zichomekeni ndani, yangu ilibaki kidogo isokotwe na kichwa cha mashine.

Jumapili nikaipeleka. Bibi akakigeuza kifuniko, akacheka, halafu kidole kikaenda palepale kwenye tangi.

"Na hapa mjukuu wangu, mbona umeiacha na kidonda?"

Nikamwambia ilikuwa hivohivo. Hakujibu, akaingia ndani akarudi na senti ishirini yenye mbuni, ya 1966, anataka nayo ing'ae. Hiyo nimekataa, sarafu ya zamani ukiipiga msasa wanaokusanya hawaitaki tena. Nikaiosha na maji ya uvuguvugu na sabuni nikamrudishia, na sasa ananiambia mashine yangu mbovu.