Hesabu niliyopiga kabla ya kununua Volvo V50 hapa Tabora

Ukiendesha Volvo Tabora utaulizwa maswali mawili kabla salamu hazijaisha: spea unapata wapi, na siku ukiichoka utamuuzia nani? Ni maswali ya haki. Nilijiuliza hayohayo kwa muda mrefu, kwa sababu gari nililolitaka si la kawaida kwetu: stesheni wagoni ya Ulaya, yenye injini ya kukimbia na nafasi ya ndoo za asali nyuma. Nanunua asali Sikonge na Urambo, nauza mjini, nyingine naipeleka Nzega. Toyota Fielder ingeifanya kazi hiyo bila kelele. Lakini kuna sisi tunaopenda kuendesha, na lami ya Nzega alfajiri, kabla malori hayajaamka, inamtia mtu tamaa.

Nilianzia Japani kama kila mtu. Huko magari ya Ulaya yaliyotumika yanashuka bei haraka, hadi unaweza kukuta BMW 320i Touring ikiuzwa chini ya Fielder ya mwaka uleule. Hapo ndipo wengi wananaswa, maana bei ya Japani ni nusu tu ya habari. Ikifika bandarini kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa kulingana na ukubwa wa injini, VAT asilimia 18, na gari dogo lililovuka miaka 10 linaongezewa asilimia 30 kwa ajili ya uzee wake. TRA, mamlaka ya mapato, wana kikokotoo chao mtandaoni, chenye thamani zao wenyewe za kukadiria kodi. Kwamba wewe ulilipata kwa bei ya kutupa ni furaha yako binafsi.

Fedha hizo zikishalipwa hazina tofauti kama ni Toyota au BMW. Tofauti inakuja siku ya kuuza. Mnunuzi wa Fielder anajua kwamba akitaka kuagiza ya kwake atalipa kodi zilezile, kwa hiyo yuko tayari kukurudishia sehemu kubwa. Mnunuzi wa BMW hafikirii hivyo. Anafikiria fundi gani ataligusa. Kwa hiyo kodi uliyolipia gari la Ulaya inabaki kuwa sadaka yako. Nilipoelewa hilo niliachana na kuagiza, nikaamua nitafute gari lililokwisha kusajiliwa nchini, ambalo hasara ya kwanza ilishamezwa na mtu mwingine.

Sasa bei ya kuuzia niliijuaje kabla ya kununua? Nilikwenda kwa madalali nikiwa muuzaji. Sikuwa na gari, nilikuwa na picha za V50 niliyoiona kwenye tangazo. Ukienda kama mnunuzi, dalali atakwambia gari linashika bei kuliko dhahabu. Ukienda kama muuzaji ndipo unasikia ukweli.

“Kaka, hiyo niletee ukiwa na shida ya hela,” mmoja aliniambia huku anacheka. “Milioni tano nakutafutia mtu. Ukitaka sita, itakaa hapa mpaka iote nyasi.”

Nikamuuliza kuhusu Fielder ya shemeji yangu. Kicheko kikaisha. “Iko wapi? Twende tukaione.”

Wapo pia wanaosoma namba ya gari kabla ya kulisoma gari lenyewe: lenye namba ya herufi C ni zee, namba D bado linazungumzika, namba E ndilo jipya. Haidhuru kwamba herufi hiyo inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, si lilitengenezwa lini. V50 zilitengenezwa kuanzia 2004 hadi 2012, kwa hiyo yenye namba E inaweza kuwa na umri uleule wa yenye namba C. Soko halitaki somo hilo, nami sikuwa na haja ya kulifundisha. Nilitaka tu isiwe C.

Hapa ndipo hesabu ilinishangaza. Fielder niliyoelewana bei ilikuwa milioni 19, na kwa maneno ya madalali, baada ya miaka michache ningeiuza 15. V50 ilitajwa milioni 8 na nusu, na kuiuza ni 5. Ukitazama kwa asilimia, Volvo ni balaa, inapoteza zaidi ya thuluthi, na Fielder inapoteza kama moja ya tano tu. Ukitazama kwa shilingi, Fielder inakula milioni 4 na Volvo milioni 3 na nusu. Watu wanaposema gari fulani halishiki bei huwa wanazungumza kwa asilimia, lakini mfukoni zinatoka shilingi.

Bila shaka kuna spea. Nikatenga milioni 2 za spea tangu mwanzo, nikazihesabu kama sehemu ya bei ya gari. Kwa hiyo sisemi Volvo ni nafuu. Ni ghali kidogo kuliko Fielder. Ila milioni 8 na nusu nyingine zilibaki kwangu, na msimu wa asali ulipofika zilinunua asali. Mke wangu, ambaye tangu mwanzo alikuwa upande wa Fielder, alikubali alipoona mstari huo. Aliongeza sharti lake: lisilale njiani na mizigo ya watu.

Sharti lake ndilo maana halisi ya gari lisilosumbua kwa mtu wa Tabora. Dar es Salaam kitu kikivunjika asubuhi, mchana umeshakipata Gerezani au Ilala. Sisi tunasubiri kifurushi kwenye basi, zaidi ya kilomita 800, na kikija kisicho chenyewe kinarudi na unaanza upya. Kwa hiyo sikuuliza kampuni gani ni nzuri. Niliuliza injini gani na giaboksi gani, kwa sababu ndivyo vinavyolaza gari muda mrefu.

Golf Variant yenye injini ya lita 1.4 na giaboksi ya DSG ya gia saba niliiacha mapema. Giaboksi ile ina klachi kavu mbili na kompyuta yake ndani, na ikigoma unahitaji mtu mwenye vifaa vyake maalumu. Audi A4 Avant ya kuanzia 2008 ni nzuri machoni mpaka inauma, lakini injini zake nyingi za 2.0 zenye tabo (turbo) za miaka ile zilijulikana kwa kunywa oili kwa sababu ya ringi za pistoni, na zile za kuvuta mbele zinakuja na Multitronic, giaboksi isiyo na gia za kawaida. BMW 320i Touring ndiyo iliyonitesa kuiacha, kwa sababu usukani wake hauna mfano. Ila mfumo wake wa kupooza una plastiki nyingi, injini ya silinda nne ya wakati ule huanza kuvuta oili sili za valvu zikichoka, na gari lenyewe lilitoka kiwandani na tairi za kutembea bila upepo, bila tairi la akiba. Kwenda Urambo bila tairi la akiba? Hapana.

V50 ilinivutia kwa kitu kisichoonekana. Giaboksi yake ya otomatiki ya gia tano ni ya Aisin, kampuni ya Japani iliyo katika kundi la Toyota. Oili inayotakiwa ni ya kiwango cha JWS 3309, na Toyota T-IV ina kiwango hicho. Maana yake sehemu ya kutisha kuliko zote naihudumia kwa oili inayouzwa mtaani. Msingi wa gari ni mmoja na Ford Focus na Mazda Axela za kizazi kile. Nikajiepusha na V50 za 2.0 zenye giaboksi ya Powershift, nayo ni ya klachi mbili, na zile za kuvuta magurudumu yote manne. Kati ya 2.4 isiyo na tabo na T5, akili ilisema 2.4. Nikachukua T5: silinda tano, cc 2521, tabo, nguvu za farasi 220, injini ileile ambayo Ford waliiweka kwenye Focus ST. Kama nimekubali kupoteza pesa kwa ajili ya raha, basi raha yenyewe iwepo.

Muuzaji alikuwa mtumishi anayehamishwa mkoa, sababu ninayoipenda kuliko “nataka kubadilisha tu”. Nilimwomba asiliwashe kabla sijafika, nilisikie likiamka baridi. Likishapata moto nikafungua kifuniko cha kujazia oili, nikavalisha glavu ya mpira kwenye mdomo wake huku injini inanguruma. Glavu ikijaa na kusimama kama mkono unaopunga, mfumo wa kupumulia wa injini umeziba, na kwenye hizi silinda tano hilo ni tatizo linalojulikana. Yake ilinywea ndani. Muuzaji alinitazama kama mganga.

Tukaendesha hadi giaboksi ikapata joto, kwa sababu ikiwa baridi inaficha. Nilisikiliza kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, kama injini inaruka mbio kabla gia haijashika, na kama inapiga teke gari likikaribia kusimama. Ilipita. Mkanda wa taimingi haukuwa na kumbukumbu yoyote, na kwenye injini hii ukikatika, valvu zinakutana na pistoni. Sikubishana. Nilipunguza gharama ya mkanda, tensheni na pampu ya maji kwenye bei, tukashikana mikono, na kazi ya kwanza ya gari ikawa kwenda kufungwa mkanda mpya.

Tangu hapo limekula mauntingi ya juu ya injini, ambayo kwenye magari haya ni kama kandambili, pamoja na koili moja na linki za mbele. Koili ilikufa nikitoka Sikonge. Nyingine ilikuwa kwenye droo, nikabadilisha kando ya barabara na asali ikafika. Oili ya injini nabadilisha kila kilomita 5,000, sintetiki, sina mjadala na tabo kwenye hilo. Chini fundi wa kuchomelea wa Ng'ambo alinitengenezea bamba la kukinga sampo, yaani karai la oili chini ya injini, kwa sababu gari liko chini na njia za kwenda kwenye mizinga hazikulitarajia. Redio ni ya Kijapani, inaishia masafa ya 90, nusu ya stesheni siipati. Nimezoea kusikiliza injini.

Majuzi mtu wa mjini hapahapa ameniuliza bei. Nilimwambia milioni 6, nikamwonyesha risiti za mkanda na oili ya giaboksi zikiwa kwenye faili moja. Alitaja 5 na nusu. Bado hatujaelewana, na mimi sina haraka.