Nyuma ya D3

Hii ilikuwa kabla kesi hazijaanza kusajiliwa mtandaoni, enzi hizo rekodi ya rufaa unaibeba kifuani kama kichanga. Ndo kwanza nimeanza ukarani kwa wakili mmoja, nikapewa rufaa ya madai ya kiwanja, inaenda Mahakama ya Rufani. Bosi akanifungulia Kanuni za Mahakama ya Rufani za 2009, kanuni ya 96 inayotaja nini kiwemo kwenye rekodi, akasema soma hii mpaka uiote: hati za madai, mwenendo, vielelezo, hukumu, dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu), notisi ya rufaa, mbele kabisa faharasa. Cheti cha Msajili cha kuondoa siku tulizosubiria nakala tulikuwa nacho, ila siku 60 zetu za kuwasilisha rufaa zilikuwa zinaishia jumatatu.

Ijumaa jioni nikamaliza. Kurasa 412, namba nimezigonga moja moja kwa kile kimashine cha mkono, yaani nikajiona wakili kabisa.

Jumamosi bosi akasema tusome kwa sauti, yeye kashika nakala zilizothibitishwa kutoka mahakamani, mimi nafuatilia kwenye rekodi yetu. Nikaona ananionea tu. Tukafika kielelezo D3, mkataba wa mauziano, akasoma hadi chini halafu akageuza karatasi akaendelea, "mbele ya mashahidi wafuatao..." Natafuta, sioni. Mimi kinachofuata ni D4, risiti.

Akanyamaza, akanisogezea ile karatasi. Nyuma kuna sahihi mbili na dole gumba la muuzaji, limetapakaa kidogo upande mmoja kama mtu aliyekandamiza kwa haraka. Na kesi nzima ilikuwa ni hilo dole, muuzaji kalikana, kasema si lake, mteja wetu kashindwa kwa hilohilo. Mimi nimepiga fotokopi mbele tu.

Nikasema kwa unyonge, bosi, si tuiite ukurasa wa 187A?

"Kijana wangu, kwangu hakuna A wala B."

Basi kuanzia 188 hadi mwisho namba zote zikasogea, faharasa ikachapwa upya, fotokopi zikaanza tena, jumapili yote nagonga tu na usiku nikiwa kitandani nasikia bado ile ka, ka, ka.

Jumatatu saa tano rekodi ikapokelewa ikagongwa muhuri. Kutia mkono mfukoni nakikuta kile kimashine, nimekuja nacho, na wino umeshaloanisha suruali.