Siku Moja Kwenye Miamba ya Rusinga

Jumamosi tuliondoka Kisumu alfajiri, tukavuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno hadi Mbita, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa tumefika kwenye miteremko ya kilima cha Hiwegi, kisiwani Rusinga. Mzee aliyetuongoza alichuchumaa kando ya korongo, akanionyesha mbegu iliyogeuka jiwe, ya kijivu, isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Niliponyoosha mkono alinizuia kwa upole: “Usiiokote, mwanangu. Itazame papo hapo ilipo.”

Alikuwa na haki kabisa, kwa sababu kisukuku kikishaondolewa ovyo katika tabaka lake, umri wake haujulikani tena kwa uhakika. Matabaka yale yana takriban miaka milioni 18. Wakati huo Ziwa Victoria halikuwapo bado, na volkano ya Kisingiri ilikuwa ikimwaga majivu yenye chumvichumvi za chokaa, ambayo yaliganda upesi na kuhifadhi hata matunda na wadudu, vitu ambavyo kwa kawaida huoza visiache alama yoyote.

Ni kisiwani humu ambako mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey aligundua fuvu la Proconsul, nyani wa kale asiye na mkia, mwaka 1948. Tangu 2015 wataalamu wamemweka nyani huyo wa Rusinga katika jenasi (kundi la spishi zenye uhusiano wa karibu) ya Ekembo, jina lililotokana na Kisuba, na nilifurahi mno kuona lugha ya wenyeji imeingia katika sayansi.

Mbegu ile tuliiacha pale pale, nusu yake ikiwa bado imezama mwambani.