Chumvi ya kula

Daftari za kidato cha pili nimezimaliza, mdogo wangu katolewa mahari Jumamosi na watu wakacheza mpaka usiku, lakini kinachozunguka kichwani ni maneno ya Bibi wa Kwihara, hapa karibu na Tabora.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, simu inarekodi. Nikamuuliza: "Bibi, yule babu yako aliyekuwa akisafiri, alibeba pembe za ndovu mpaka Bagamoyo?"

"Hiyo mizigo ya watu. Babu alifuata chumvi Uvinza."

"Chumvi ya nani?"

Akaacha kupepeta, akanitazama. "Ya nani? Ya kula!"

Akaendelea na ungo wake. Nimeisikiliza rekodi tena na tena, na kila nikifika hapo uso unapata moto. Ya nani! Kana kwamba mtu wa kwetu hawezi kujitwika mzigo mpaka uwe na mwenyewe mwingine.

Najua swali hilo lilikotoka. Wageni wanaofika Kwihara huja kwa ajili ya tembe, nyumba ya udongo, alilokaa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi Mwingereza. Sisi wenyeji tunawaeleza kwamba Stanley, mwandishi wa habari aliyekuja kumtafuta, alimwacha hapo Machi 1872, naye akakaa mpaka Agosti akisubiri wapagazi kutoka pwani. Wapagazi hao tunawapitia haraka, na Mnyamwezi, mtu wa kwetu, kwenye maelezo yetu ni bega la kubebea tu: pembe za fulani, nguo za fulani.

Jana usiku nikasogeza rekodi mbele, pale ambapo Bibi mwenyewe, bila kuulizwa, alirudi kwenye chumvi. Hapo moyo ukafunguka. Walikuwa wakiondoka kiangazi, anasema, maana masika hakuna anayechemsha chumvi. Walichukua majembe ya chuma ya kubadilishana. Kule Uvinza, upande wa Kigoma, chemchemi zina maji ya chumvi. Yanachemshwa kwenye vyungu mpaka yakauke, na sehemu inabaki kwa mtemi wa Uvinza. Kutoka hapa ni zaidi ya kilometa 250 kwenda tu, kwa miguu. Waakiolojia waliochimba pale miaka ya 1960 walionyesha kwamba kazi hiyo ina zaidi ya miaka 1,000, kwa hiyo ilikuwapo muda mrefu kabla ya msafara wowote wa pembe. Na reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 inapita Uvinza hapohapo! Nimepanda treni hiyo mara nyingi kwenda kwa shangazi, na Uvinza nilikuwa nikinunua ndizi dirishani.

Halafu akasema jambo ninalolipenda kuliko yote: babu akirudi, kabla hata ya kupumzika, fungu la kwanza lilipelekwa ukweni. Mama mkwe alionja, akapiga vigelegele, ndipo nyumba nyingine zikagawiwa. Bibi alicheka aliposimulia, ungo ukatulia mapajani.

Nataka nirudi kabla ya mvua, nimuulize walilala wapi njiani na nani alibaki na mashamba. Safari hii nitaanza na wakwe.

Kaka amepiga sasa hivi kutoka Sikonge. Miche ya tumbaku kwenye vitalu imeshakuwa, mbolea haijafika chama cha msingi, na mkopo wa msimu uliopita haujaisha. Anasema tusimwambie mama.