Siku Moja Maishani Mwangu: Kiamshakinywa Bila Mayai, Bila Mkate wa Ngano, Kutoka Ngara, Nairobi

Kazi yangu ni kupika kiamshakinywa cha wanga kidogo kisicho na mayai, cha kuliwa ndani ya matatu au mezani ofisini. Wengi wakisikia hivyo hudhani ni kukata avokado na kuitia kwenye mkebe. Wateja ni wa aina mbili: familia za Parklands na Westlands zisizogusa yai kwa sababu ya dini, na watu wa maofisi waliopunguza wanga wakala mayai kila asubuhi mpaka yakawatokea puani.

Saa tisa na nusu usiku naanza na kabeji, ambayo majani yake nakunjia nyama badala ya mkate, maana ndiyo inayokula muda. Majani mapana ya nje yanaingia kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja na nusu, mbili zikizidi sana, kisha kwenye beseni la maji baridi. Halafu kila jani linapanguswa kwa taulo, mbele na nyuma. Hapa ndipo wanaojaribu nyumbani hukwama: jani likibaki na majimaji, ikifika saa mbili asubuhi limefunguka na mchuzi uko ndani ya mkoba wa kompyuta. Mshipa mnene wa katikati nauparaza kwa kisu nilichokilaza, la sivyo jani linapasuka ukilikunja.

Nyama ya kusaga ilikaangwa jana: nusu kilo kwa mikunjo sita, na majani ya kitunguu, hoho, dania na bizari, mpaka maji yake yakauke ianze kulia kwenye sufuria. Inakunjwa ikiwa baridi kabisa, kwa sababu nyama ya moto hutoa mvuke, na mvuke ni maji yale yale tuliyohangaika kuyapangusa. Wasiokula nyama wanawekewa panir, jibini laini ya Kihindi, iliyovurugwa na spinachi iliyokamuliwa kwa mikono miwili. Kwenye friji mikunjo hukaa siku tatu.

Saa kumi na moja, mikate midogo. Kwa kumi na miwili: karanga zilizosagwa gramu 300, mbegu za kitani zilizosagwa gramu 100, isabgoli (maganda ya mbegu yanayofyonza maji na kuwa ute) vijiko 2 vya mezani, beking pauda vijiko 2 vya chai, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko 4 vya mezani, maziwa lala mililita 360. Unachanganya, unaacha dakika kumi maji yanywewe, unaoka nyuzi 180 kwa nusu saa. Karanga zenye ukungu au zilizonyauka nazitoa kabla ya kusaga, kwani sumu ya ukungu haiondoki kwa moto wa oveni. Mashine naiwasha na kuizima, sekunde chache chache. Ukiiacha izunguke, utapata siagi ya karanga na mkate hautaumuka. Isabgoli nyingine hugeuza mkate rangi ya zambarau. Haina madhara, ila jiandae kupigiwa simu.

Mkate huu ukitoka ovenini hubomoka ukiushika, na watu hufikiri haujaiva. Kinachoshika mahali pa yai ni ute wa kitani na isabgoli, na ute huo hukaza ukipoa. Ukipewa dakika 40 unaweza kuutupa kwenye mkoba na ukafika mzima. Wanga wake, ukitoa nyuzinyuzi, ni karibu gramu 4.

Saa kumi na mbili na nusu wanaboda wanaondoka na maboksi yenye barafu. Ile barabara ya juu, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022 hairuhusu pikipiki, kwa hiyo ni Museum Hill na Waiyaki Way, na foleni yake.

Saa mbili na robo simu inalia. Ni mteja wa Upper Hill, anayeagizia wenzake kumi na wawili.

"Madam, hii chia yenu inateleza kama kamasi, na haina utamu. Si mtie asali tu?"

"Boss wangu, asali ni sukari."

"Si sukari, madam. Asali ni ya asili."

Namweleza taratibu, mikono ikiwa bado na povu la sabuni. Kikombe chake kina vijiko 3 vya mezani vya mbegu za chia na mililita 240 za tui jepesi. Chia ina wanga mwingi ukisoma pakiti, ila sehemu kubwa ni nyuzinyuzi, kwa hiyo kikombe kizima kinabaki na kama gramu 7. Kijiko kimoja cha mezani cha asali kinaongeza 17. Ananyamaza kidogo, halafu anasema basi tuweke ndizi mbivu, dada yake huweka. Ndizi ya wastani ni gramu 24 nyingine. Jumla sasa ni 48, zaidi ya vipande vitatu vya mkate wa dukani.

"Sawa. Lakini kibandiko kibaki cha wanga kidogo, si ndiyo?"

Nimetulia mpaka mwenyewe najishangaa. Kibandiko hakibaki, boss. Anauliza kama bei itashuka kwa kuwa asali ataleta yeye. Anauliza kwa nini hakuna soseji. Nyingi zina unga wa nafaka ndani, soma pakiti. Anauliza mayonezi. Mayonezi ni mayai. Masufuria yananisubiri na maji yamepoa. Kisha, kama jambo dogo, anataja kwamba mmoja wao ana kisukari na anadungwa insulini.

Hapo ubishi umekwisha. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamaidi akipunguza wanga ghafla huku dozi ikibaki ile ile, sukari yake inaweza kushuka vibaya. Huyo aongee na kliniki yake kwanza, na oda yake naisimamisha mpaka aniambie ameonana nao. Mteja anakubali, kwa sauti ya mtu aliyenyimwa haki yake. Kumi na moja za kesho, bila asali. Asali watajiwekea wenyewe.

Baada ya hapo saa siziangalii tena. Soko la City Park kwa spinachi na ndimu, ATM ya maziwa (mashine ya kuuzia maziwa), miguu inauma.

Mchana ni panir. Lita 2 za maziwa yasiyoondolewa malai. Ya pakiti yanayokaa miezi nje ya friji hayagandi vizuri. Yakichemka nazima moto, namimina maji ya ndimu vijiko 4 vya mezani kidogo kidogo, nakoroga polepole. Maji yanayojitenga yawe ya kijani hafifu. Yakiwa bado meupe, ongeza ndimu. Ukiendelea kuyachemsha, panir inakuwa mpira. Kitambaa, sufuria ya maji juu yake kwa saa moja, unapata kama gramu 350. Sukari ya maziwa, sehemu kubwa, imeondoka na yale maji, ndiyo maana panir inafaa na glasi ya maziwa haifai sana.

Jioni natengeneza tui. Nalipasha huku nakoroga, bila kupumzisha mwiko, maana likichemka peke yake hukatika. Nalipoza ndani ya beseni la maji baridi, kwa sababu tui likilala nje linachacha. Ndipo chia inaingia. Nakoroga, nasubiri dakika kumi, nakoroga tena. Ukiruka mara ya pili, mbegu zinashikana chini na juu linabaki tui tupu. Malalamiko mengi ya chia hutoka hapo. Kisha friji, usiku kucha.

Kitani nasaga mwisho, cha kesho tu. Kikishasagwa mafuta yake huchacha haraka. Mbegu nzima hukaa miezi.